Barazani kwa Mpiga Chapa

Zamani ukimuuliza mpiga chapa wetu anatumia kompyuta gani, alikuuliza kwanza kama unataka jibu la leo au la wiki ijayo, maana yote mawili alikuwa nayo na hayakufanana. Ofisi yake iko nyuma ya maduka ya Kona ya Musa, mlango wa buluu kati ya fundi viatu na muuza mabuibui. Kwa miaka yote niliyomjua, mezani pake pamekuwa na mashine moja tu, ile ile, kuukuu, yenye kelele za feni. Kilichokuwa kikibadilika ni kile kilichomo ndani yake.

Alizaliwa wapi na ni binti wa nani, sitasema. Waulizeni jamaa zake, nao ni wengi, na kila mmoja ana jibu lake. Mimi nilimjua kwa kazi. Nasomesha hisabati katika shule moja ya sekondari huko juu Kwale, na kwa kuwa nilikuwa mdogo kuliko wenzangu siku nilipoajiriwa, nikatwikwa na somo la kompyuta juu yake, ati vijana wanazijua. Mitihani yetu ilipigwa chapa kwake. Tulimwamini kwa sababu karatasi ikishaingia kwake haionwi na jicho lingine. Mteja akitokeza mlangoni, yeye huilaza kifudifudi na kuiwekea kikombe cha kahawa juu, hata kama mteja mwenyewe ni bibi kizee aliyekuja kupigiwa picha ya kitambulisho.

Kazi alijifunzia kwenye taipureta, mikono ikiwa imefunikwa kwa kanga ili asichungulie herufi. Alipenda kutuhadithia hilo sisi tunaodonoa kibodi kwa vidole viwili. "Nyinyi mnaandika kama kuku anayekula mtama," alikuwa akisema. Kwa hiyo macho yake hayakuwa ya kuandikia. Yalikuwa ya kuhakiki. Kila ukurasa aliusoma tangu juu hadi chini, kisha tangu chini hadi juu, kwa sababu alidai kosa humzoea msomaji anayepita njia moja. Ofisini kwake hapakuwa na tangazo la bei wala kalenda. Palikuwa na maneno yake tu, aliyoyarudia mpaka yakawa kama salamu: "Kosa halitoki hapa."

Ndiyo maana daktari wa macho alipomwambia ana presho ya macho, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, na matone yatajaribu tu kukilinda kilichobaki, niliogopa kuliko yeye. Alinihadithia jambo hilo huku akifunga karatasi zangu kwa uzi, kama anayesema wino wa printa umepungua.

"Ninaona, mwanangu. Ila ninaona kama kwa tundu la ufunguo."

"Sasa utafanyaje na kazi?"

"Nitafanya. Siku nitakapotoa karatasi yenye kosa nisiloliona, nitafunga mlango huu nirudi Msambweni, nikae na wajukuu wanichoshe."

Hakusema kwa huzuni, lakini nilimjua vya kutosha kujua kwamba hakuwa anatania. Msambweni alikupenda kwa siku mbili za Idi. Ya tatu alikuwa keshaanza kuuliza gari.

Linux aliipata kwangu, na nikiri kwamba nilimpelekea kwa kujionyesha. Windows yake ya zamani ilikuwa imepitwa na wakati, na mashine ile haikuwa na nguvu ya kubeba mpya. Nikamwambia kuna mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, wa bure, utakaoifaa, nikamwekea Fedora kwenye flashi, kwa kuwa ndiyo niliyokuwa nikiitumia na niliamini hakuna nyingine duniani. Akaniuliza kwa nini iitwe Fedora ikiwa inaitwa Linux. Nikamweleza kwamba Linux ni kama mchele, na kila kundi la watu linaupika kwa namna yake na kuupakua kwenye sahani yake, na kila mapishi huitwa distro. Mengine yana viungo vingi, mengine ni mepesi, ila mchele ni huo huo.

Hapo nilifanya makosa makubwa. Mtu aliyekulia pwani ukimwambia mapishi ni mengi, hataridhika na sahani moja.

Kitu kilichomfurahisha zaidi ni kwamba distro nyingi unaweza kuziendesha kutoka kwenye flashi bila kuziingiza katika mashine. Unaijaribu, ukiichoka unachomoa, na mashine inabaki kama ilivyokuwa. Alilielewa jambo hili upesi kuliko wanafunzi wangu wote, kwa kuwa nyumbani kwao mgeni usiyemjua humkaribishi ndani moja kwa moja. Unamkalisha barazani. Unampa maji, unamuuliza habari za kwao, unamtazama anavyowajibu watoto, na wa ndani wanachungulia dirishani. Akifaa, anaingia. Hafai, mnaagana kwa heri, wala hakuona vyombo vyenu.

"Basi huyu wako akae barazani kwanza," alisema, na tangu siku ile ndivyo alivyozungumza. Hakusema anajaribu distro. Alisema ana mgeni barazani.

Fedora yangu ilikaa barazani muda mfupi mno. Aliisifu kwa usafi, akasema imenyooka kama kijana aliyetoka kunyolewa. Lakini aliposikia kwamba kila baada ya miezi kadhaa inakuja mpya na ya zamani haikai sana kabla ya kuachwa, alitikisa kichwa. "Huyu kila nikimzoea anabadilisha nguo. Mimi macho yangu yanataka mtu anayerudi na shati lile lile." Nikanuna. Alinipa kashata.

Ubuntu aliipenda kwa adabu na kwa umaarufu. Kila swali alilokuwa nalo, kulikuwa na mtu mahali fulani amekwisha kuliuliza na kujibiwa. Ila kwa mashine yake ile, alisema, ilikuwa kama mgeni mnene kwenye kiti cha mwanamwali: hakuna aliyekosea, lakini kiti kinalia. Kisha mwanafunzi wangu mmoja wa zamani akamletea Arch, ile unayoanza nayo bila kitu ukajipangia yote mwenyewe. Aliitazama skrini nyeusi yenye mstari mmoja wa herufi nyeupe, akangoja, akangoja tena. "Huyu kaja kuposa hana hata kanzu," alisema, akachomoa flashi.

Mint ndiyo iliyoingia ndani. Menyu ilikuwa pale alipozoea menyu kuwa, chini kushoto, herufi alizikuza zikawa kama za bango la duka, na kuna kikuzaji kilichofuata mausi kikiyapanua maneno kama miwani ya kushika mkononi. Printa iliitambua bila kubembelezwa. Kwa mara ya kwanza tangu aende kwa daktari nilimwona akisoma ukurasa tangu chini hadi juu, polepole, uso ukiwa karibu na kioo kama anayechungulia chungu, lakini aliusoma wote. Nilifurahi hata nikasahau kwamba si Fedora.

Na bado hakutulia. Hii ndiyo tabia yake ambayo siwezi kuitetea. Huyu ni mtu aliyekunywa kahawa katika kikombe kimoja miaka yote, aliyemfukuza fundi aliyesogeza meza yake kwa upana wa kiganja, na bado barazani pake hapakukosa mgeni. Mint ikiwa ndani, yeye nje anamuuliza mwingine habari za kwao. Fundi viatu alikuwa akinipa taarifa kabla sijafika mlangoni: "Mwalimu, bi mkubwa kaachika tena."

Kijana mmoja wa bara, mhudumu katika hoteli mojawapo ya Diani, alimkuta siku moja katikati ya uhamisho.

"Sasa mathe. Niprintie hii si-vii, niko na intavyuu saa nane."

"Wa alaikumu salaam."

Kijana akajikuna shingo. "Shikamoo, mathe."

"Marahaba, mwanangu. Keti. Kompyuta inahama nyumba."

"Inahama? Si uweke tu Windows kama watu wote?"

"Kwani wewe unakula kama watu wote? Hebu nione karatasi yako. Umeandika hapa wewe ni mtu wa bidii, mwaminifu na mnyenyekevu. Mnyenyekevu ameingia bila salamu."

Alimpigia chapa upya si-vii nzima wakati mgeni mpya akijipanga ndani ya mashine, kwa taipureta aliyoitoa chini ya meza, na kijana akaenda kwenye mahojiano na karatasi iliyofanana na barua ya mkuu wa wilaya wa zamani. Kazi aliipata. Mpaka leo akipita Kona ya Musa husimama mlangoni na kusema shikamoo kwa sauti ambayo muuza mabuibui anaisikia.

Sasa nieleze habari ya saa, maana sitaki mpiga chapa aiepuke.

Kwa kipindi fulani kila mgeni aliyeingia ndani alianza kukorofika baada ya siku chache. Mint ikakataa masasisho. Akairudisha Ubuntu, nayo ikakataa. Ujumbe ulikuwa ule ule, kwamba faili hizi bado hazijafikia wakati wake wa kutumika. Akaniita. Akawa ameshapitisha hukumu: wote ni waongo, wanakuja na maneno matamu barazani na ndani wanageuka. Niliangalia mtandao, nikaangalia diski, nikazima na kuwasha, nikajifanya ninajua. Mwishowe nikatupa jicho pembeni mwa skrini. Nje jua la asubuhi lilikuwa limepanda, watoto wa shule wameshapita, na kompyuta imeandika 3:00, yaani kwa hesabu yake ni saa tisa usiku.

"Bi mkubwa, nani amegusa saa hii?"

"Mimi. Kila mgeni huja na saa mbovu. Ni saa tatu asubuhi, yeye anasema tisa. Ninamrekebisha."

"Lakini hujirekebisha yenyewe kwa mtandao."

"Nilimzima hiyo tabia. Tulikuwa tunabishana."

Alikuwa ameirudisha nyuma kwa saa sita ili ionyeshe saa kama sisi tunavyozitaja, ya kwanza jua likichomoza. Tarehe ikawa inageuka saa kumi na mbili alfajiri, watu wakiwa wameamka, jambo ambalo yeye aliliona la kiungwana zaidi kuliko kugeuka watu wamelala. Masasisho yalipokuja, kompyuta iliyaona yametoka katika siku ambayo haijafika, ikakataa kuyapokea. Wala hakuna mgeni aliyekuwa na kosa lolote. Nilicheka mpaka fundi viatu akaja kuuliza kulikoni, na nilipomweleza alisema haoni kosa liko wapi, saa si ilikuwa sawa?

Mpiga chapa hakucheka. Aliiondoa saa pembeni mwa skrini isionekane kabisa, akaniruhusu niirudishe kama wanavyoitaka wengine, na akasema, "Nimemwachia saa yake. Aniachie yangu."

Nilidhani tumeshinda. Mint ikabaki, masasisho yakapita, na kwa muda fulani hata baraza ilikuwa tupu. Lakini presho ya macho haingojei mtu apate kompyuta ya kumfaa. Lile tundu la ufunguo likazidi kuwa dogo, na alikuwa akilificha kwa utani. Akamwambia muuza mabuibui kwamba siku hizi anawapenda wateja wote kwa usawa kwa kuwa wote wana sura moja.

Kisha ikatoka kadi ya harusi. Bi harusi aliitwa Mwanakombo, na kadi zikatoka zimeandikwa Mwanakmbo, zote, zikasambazwa kuanzia Ukunda hadi Majoreni kabla mtu hajaona. Mama wa bi harusi alikuja ofisini. Hakugomba, na ingekuwa heri angegomba. Alisema tu, "Hata hivyo watu watajua ni yeye," akaaga kwa adabu. Mpiga chapa alizipiga upya kadi zote, akazipeleka kwa mkono wake, akarudi akafunga mlango wa buluu. Nilipita kesho yake nikaukuta umefungwa, na keshokutwa umefungwa. Nilisimama pale nikaona uchungu ambao sikuutarajia, kwa mtu asiyekuwa ndugu yangu, kwa sababu nilikumbuka alichosema kuhusu kurudi Msambweni.

Alinipigia simu mwisho wa juma. Hakusalimia, na hapo nilijua mambo ni mazito.

"Wale wageni. Kuna anayeweza kunisomea?"

Nikamwambia wapo wengi. Kuna programu inayosoma kila kilichopo kwenye skrini kwa sauti, na hata sauti ya Kiswahili ipo.

"Basi waje wote tena."

Nilipofika nilimkuta ameifunika skrini kwa kanga. Alikuwa ameirudia njia aliyojifunzia kazi, ila safari hii kilichofunikwa si mikono. Kila distro ilikaa barazani upya, na yeye kaketi wima mbele ya kanga, vidole kwenye kibodi, anasikiliza. Hakuna aliyesifiwa tena kwa uso. Mint aliyempenda kuliko wote alimuaga kwa upole. "Nilikupenda sura," aliiambia mashine, "na sasa sura sina kazi nayo." Ubuntu ilisema vizuri lakini kiti bado kililia. Fedora yangu, nilipoipendekeza kwa mara nyingine, alinyanyua kidole tu nikanyamaza.

Iliyobaki ni Debian, ile kongwe, ambayo mimi darasani nilikuwa nikiifanyia mzaha kwa sababu programu zake huwa za jana. Tulipoanza kuisakinisha ilimzungumzia tangu mwanzo, kabla hata haijaingia ndani, ikimuuliza moja moja naye akijibu kwa vidole. Nikamwekea ile meza nyepesi ya kwenye skrini inayoitwa MATE, isiyo na madoido. Nikamwonya kwamba hii haileti mapya upesi, kwamba atakaa miaka na mambo yale yale.

"Mwanangu," alisema, "mtu asiyeona hamtaki mwenyeji anayehamisha viti."

Nilikuwa nimelinganisha distro tangu chuoni, kwa kasi, kwa umaridadi, kwa upya, na sikuwahi kujiuliza nani amekaa mbele yake.

Kilichomkera ni sauti. Ile sauti ya Kiswahili inasema kama mtu aliyefundishwa lugha kwa barua, haina pumzi, inameza nukta, inakwenda bila kutua. Alipigana nayo. "Tua hapo! Huoni mkato?" Fundi viatu aliniambia siku za mwanzo alidhani kuna mteja mkaidi ndani.

Baada ya hapo nilihamishiwa shule ya mbali kidogo, upande wa Lungalunga, na tukawa tunasalimiana kwa simu tu. Nilimwona tena juzi, dada yangu mdogo alipochumbiwa. Mama alisema kadi zipigwe chapa kwingine, siku hizi kuna vijana wana mashine za rangi. Nikamwambia zitapigwa kwa mpiga chapa, na nitaketi pale pale mpaka ziishe.

Mlango wa buluu ulikuwa wazi. Ameketi vile vile, kikombe ni kile kile. Skrini imefunikwa kanga.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba. Mwalimu huyo. Umenenepa, hatua zako ni nzito."

Nikamsomea maneno ya kadi, naye akaandika bila kusimama, na mashine ikimfuata nyuma kwa sauti yake ile ya barua. Alipofika kwenye jina la dada, Mwanahamisi, akairudisha nyuma, akaifanya ilitamke herufi moja baada ya nyingine, kisha akaisikiliza kadi yote tangu juu hadi chini, na mstari kwa mstari tangu chini hadi juu. Nilijaribu kutopumua kwa nguvu. Nilikuwa nimemwahidi mama.

Alipomaliza aliegemea kiti. "Iangalie kwa macho yako."

Nikainua kanga. Skrini ilikuwa imezimwa, na juu ya kitufe chake kuna vumbi.

"Hii huiwashi kabisa?"

"Ya nini? Inakula umeme tu." Akangoja niiwashe, kisha akauliza, kwa sauti iliyokuwa na aibu kidogo, "Hebu niambie. Huyu niliyeishia naye, ana sura gani?"

Nikatazama. Mandhari ya buluu iliyokuja nayo, menyu ya kawaida, mistari miwili ya kijivu juu na chini. Nikamwambia ukweli kwamba hana sura ya maana, ni wa kawaida tu.

"Afadhali. Ningekuwa na wivu."

Vidole vyake vikakaa juu ya kibodi bila kubonyeza kitu. Nikaisoma kadi. Nikaisoma tangu juu, na kwa heshima yake nikaisoma tangu chini.

"Hakuna kosa, bi mkubwa."

"Najua," alisema, akanipa kanga niifunike skrini. "Nilitaka kulisikia kwa mtu anayetua penye nukta."